Kumfundisha Mbwa Mahali pa Haja: Somo kwa Kaya Zinazofuga Mbwa

Katika kata nyingi mbwa ndiye mlinzi wa usiku. Hubweka mgeni anapokaribia lango, hufukuza ngedere shambani na huandamana na mchungaji malishoni. Hata hivyo, mlinzi huyo anapoachwa bila mafunzo hugeuka kuwa kero. Hujisaidia mlangoni pa jirani, kwenye njia ya watoto waendao shule, au juu ya tuta la mchicha. Ugomvi wa majirani kuhusu mbwa si lazima uanze kwa mtu kuumwa. Kinyesi kimoja mlangoni asubuhi kinatosha kuuanzisha.

Somo hili linaeleza namna ya kumzoeza mbwa ajisaidie mahali pamoja palipochaguliwa na kaya, iwe mbwa huyo analala ndani ya nyumba, varandani au bandani. Jambo kuu la kukumbukwa ni hili: mbwa hufundishwa kwa saa, kwa mahali na kwa sifa, wala hafundishwi kwa fimbo. Mafunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kamba, konzi ya dagaa na mtu mmoja mwenye subira. Faida yake haiishii kwenye usafi wa ua, kwani mbwa aliyezoea kushikwa na kuongozwa ndiye anayefikishwa kwa urahisi kwenye kituo cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa nini kinyesi cha mbwa ni suala la afya

Mbwa wengi, hasa wadogo, hubeba minyoo mviringo ambao wataalamu huwaita Toxocara canis. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, anaweza kuambukizwa minyoo hao angali tumboni mwa mama yake, au baadaye kwa kunyonya. Kwa sababu hiyo, kilebu anayeonekana safi na mchangamfu anaweza kuwa anatoa mayai ya minyoo kwa maelfu kila anapojisaidia.

Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yakiwa katika kinyesi kibichi huwa hayajakomaa, na huhitaji kati ya wiki 1 na wiki 4 katika udongo, kutegemea joto na unyevu, kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Yakishakomaa huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi, hata miaka, na dawa za kawaida za kusafishia sakafu haziyaui kwa urahisi. Kutokana na maelezo hayo mkazi anapata kanuni moja muhimu: kinyesi kinachoondolewa kila siku huondoka pamoja na mayai yake kabla hayajawa hatari. Kinyesi kinachoachwa hadi kikauke na kusambaa hakiwezi tena kuzolewa, kwani mayai yake yameshakuwa sehemu ya udongo wa ua.

Wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa hucheza chini na kutia mikono mdomoni. Mayai yakimezwa, viluwiluwi vya minyoo hutoka na kusafiri mwilini. Vinaweza kufika kwenye ini, kwenye mapafu na, mara chache, kwenye jicho, ambako huweza kupunguza au kuondoa uwezo wa kuona. Minyoo ya safura ya mbwa nayo ina njia yake. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku au kukaa kwenye mchanga mchafu, na kuacha mistari myekundu inayowasha na kusogea siku hadi siku.

Upo pia upande wa ujirani na imani. Kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate na majimaji ya mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayezurura hadi kwenye uwanja wa msikiti, au anayechafua mlango wa mtu anayejiandaa kwa swala, humpa jirani huyo kazi na usumbufu ambao hakuuomba. Wahenga walisema kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Mfugaji mwenye busara humfundisha mbwa wake mipaka mapema, ili methali hiyo ibaki kuwa methali tu.

Maumbile ya mbwa yanayomsaidia mfugaji

Mfugaji hana haja ya kupambana na maumbile ya mbwa, maana maumbile hayo yako upande wake. Katika wiki za mwanzo kilebu hawezi kujisaidia bila kulambwa na mama yake, ambaye pia husafisha malazi yao. Anapofikisha umri wa wiki 3 hivi huanza kujikongoja na kutoka kitandani mwake ili akajisaidie pembeni. Hivyo mbwa huzaliwa na mwelekeo wa kutochafua mahali anapolala, na kazi ya mfugaji ni kuupanua mwelekeo huo ili uhusu nyumba na ua mzima.

Afikapo umri wa wiki 8 au 9 kilebu huanza kupendelea aina fulani ya ardhi. Aliyezoea kujisaidia kwenye mchanga hutafuta mchanga, na aliyezoea saruji hutafuta saruji. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kilebu kuletwa nyumbani zina thamani kubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Uwezo wa kibofu nao una kipimo chake. Kwa makadirio, kilebu aliye macho anaweza kuzuia mkojo kwa saa zinazolingana na umri wake wa miezi, na kuongeza saa 1. Mwenye miezi 2 huweza kuvumilia takriban saa 3, na mwenye miezi 3 takriban saa 4. Hicho ni kikomo chake, na akiwa anacheza au amekunywa maji mengi muda huo hupungua. Kilebu wa miezi 2 aliyefungiwa ndani tangu asubuhi hadi adhuhuri na kukutwa amechafua sakafu hajakosa adabu. Ameachwa kupita uwezo wa mwili wake.

Zipo nyakati ambazo haja hutarajiwa karibu kwa uhakika: mara aamkapo, baada ya mchezo, kabla ya kulala, na katika dakika 5 hadi 30 baada ya kula, kwa kuwa chakula kiingiapo tumboni huamsha utumbo mpana. Kilebu mwenyewe pia hutoa ishara. Huacha mchezo ghafla, hunusa ardhi kwa bidii, huzunguka mahali pamoja au huelekea mlangoni. Mtu anayezifahamu nyakati na ishara hizo huwahi kabla sakafu haijachafuka.

Jambo la mwisho ni pua. Mbwa hurudi kujisaidia mahali penye harufu ya haja yake ya awali. Kona iliyotumika jana humwita leo, na vivyo hivyo sakafu ya sebule isiyosafishwa vizuri.

Hatua za mafunzo

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Kaya ichague kona moja ya ua iliyo mbali na kisima, jiko, bustani ya mboga na mahali watoto wanapochezea. Eneo la mita 1 kwa mita 1 linatosha mbwa wa kienyeji wa kawaida. Udongo ulainishwe kwa jembe au kumwagwe mchanga kidogo, ili kinyesi kizoleke kwa urahisi. Katika nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja, kona hiyo ichaguliwe kwa makubaliano na wapangaji wengine. Mpangaji mmoja asiamue peke yake na kuwaachia wenzake harufu.

Hatua ya pili ni kumpa mbwa malazi yanayomfaa. Banda liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, liwe na kivuli na lisivuje. Banda kubwa mno kwa kilebu humpa nafasi ya kulala upande mmoja na kuchafua upande wa pili. Dogo mno, au lile analofungiwa kutwa nzima, humlazimisha kujisaidia anapolala, na akishazoea hali hiyo hupoteza mwelekeo wake wa asili wa usafi.

Hatua ya tatu ni kuweka saa za chakula. Kilebu wa miezi 2 hadi 3 hulishwa mara 3 au 4 kwa siku, na afikapo miezi 6 mara 2 hutosha. Sufuria ya chakula iondolewe baada ya dakika 20 hivi. Mbwa anayekula kwa saa maalumu hujisaidia kwa saa maalumu, ilhali anayedonoa makoko na mabaki kutwa kucha hawezi kutabiriwa. Maji asinyimwe wakati wowote wa mchana, hasa katika maeneo ya joto.

Hatua ya nne ni kumwongoza kwa kamba. Kilebu avalishwe ukanda laini shingoni, ambao vidole viwili vya mtu mzima hupita chini yake bila kubana, kisha aongozwe hadi konani kila saa yake inapowadia. Kumfungulia mlango na kumwacha atoke peke yake hakumfundishi mahali. Humfundisha tu kwamba nje kote ni choo. Mwongozaji asimame kimya kwa dakika 5 bila kumchezea. Asipojisaidia arudishwe, aangaliwe kwa karibu, kisha apelekwe tena baada ya dakika 10 au 15.

Hatua ya tano ni neno moja. Mbwa anapoanza kujisaidia mwongozaji atamke neno fupi, lile lile kila siku, kwa sauti ya utulivu. Kaya ikubaliane neno hilo, ili baba asiseme hivi na watoto wakasema vile. Baada ya wiki kadhaa neno hilo huwa ishara inayomkumbusha mbwa shughuli iliyompeleka pale.

Hatua ya sita ni sifa na tuzo. Mara tu mbwa amalizapo, asifiwe kwa sauti ya furaha na kupewa dagaa mmoja au kipande kidogo cha ugali. Tuzo itolewe pale pale konani, ndani ya sekunde moja au mbili. Ikisubiri hadi mbwa arudi mlangoni, atadhani anatuzwa kwa kurudi mlangoni.

Ili kaya iweze kupanga zamu zake, ratiba ifuatayo inafaa kilebu wa miezi 2 hadi 3:

Saa 12:00 asubuhi: kutoka bandani moja kwa moja hadi konani.
Saa 1:00 asubuhi: chakula, kisha kona baada ya dakika 15.
Saa 4:00 asubuhi: kona, kisha mchezo mfupi.
Saa 6:30 mchana: chakula, kisha kona.
Saa 9:00 alasiri: kona baada ya usingizi wa mchana.
Saa 11:30 jioni: chakula cha mwisho, kisha kona.
Saa 1:30 usiku: kona.
Saa 4:00 usiku: kona, kisha malazi.
Saa 8:00 usiku: kona mara moja, kwa wiki za mwanzo tu.

Katikati ya nyakati hizo kilebu aliye ndani ya nyumba awe machoni pa mtu, na apelekwe konani kila aonyeshapo ishara au amalizapo mchezo. Kadiri anavyokua, safari za konani hupunguzwa moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya saa 8:00 usiku. Wapo vilebu wanaoelewa ndani ya wiki chache, na wapo wanaohitaji miezi kadhaa. Asiye na mtu wa kukaa nyumbani mchana amwombe jirani au ndugu ashike zamu, au achague kufuga mbwa aliyekwisha kukua.

Fimbo haifundishi mahali

Desturi ya kumsugua mbwa pua kwenye kinyesi, au kumchapa anapokutwa sakafu imelowa, imeenea sana na haina faida. Mbwa huhusisha tendo na tokeo linalolifuata papo hapo. Aliyechafua saa 3:00 asubuhi na kuchapwa saa 5:00 hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Anachojifunza ni kwamba mtu anayerudi nyumbani ni hatari, hivyo siku nyingine atajisaidia mafichoni, nyuma ya kabati au chini ya kitanda. Hata konani atasita kujisaidia mbele ya mtu huyo, na nafasi ya kumsifu itapotea. Zaidi ya hayo, pua na manyoya yaliyopakwa kinyesi huhamisha mayai ya minyoo hadi kwenye mikono ya watoto.

Wafugaji wengi husema kwamba mbwa wao anajua alichokosa, kwa kuwa huinamisha kichwa na kufyata mkia. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha mbwa 14 na wenyewe. Sura hiyo inayodhaniwa kuwa ya hatia ilionekana zaidi pale mwenye mbwa alipomkaripia, hata kama mbwa hakuwa ametenda kosa lolote. Mbwa alikuwa akiitikia karipio. Hakuwa akikiri kosa.

Ushahidi kwamba tuzo hufundisha upo hapa nchini. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akifanya sawasawa husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha chakula, kama vile ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitambua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa panya hufunzwa kazi nzito kiasi hicho kwa ndizi, mbwa hashindwi kufunzwa kona ya ua kwa dagaa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Kumpiga mbwa hadi kumjeruhi si njia ya malezi inayokubalika kisheria.

Mbwa akikutwa katikati ya tendo ndani ya nyumba, inatosha kupiga makofi mara moja ili aache, kisha kumwongoza upesi hadi konani na kumsifu akimalizia huko. Akikutwa amekwisha kumaliza, hakuna la kumfunza kwa wakati huo. Kilichobaki ni kusafisha na kujiuliza ni saa ipi ya ratiba iliyorukwa.

Kusafisha na kuzoa

Kwenye sakafu ya saruji au vigae, kinyesi kiondolewe kwanza, kisha pasuguliwe kwa sabuni na maji na kusuuzwa. Maji yaliyochanganywa na siki kidogo husaidia kupunguza harufu inayobaki. Dawa zenye amonia hazifai, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita mbwa arudi. Jiki nayo isimwagwe juu ya mkojo mbichi, kwani klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na koo. Kwenye sakafu ya udongo, tabaka la juu lililolowa likwanguliwe na kutupwa, kisha pawekwe udongo mkavu.

Kinyesi cha konani kizolewe kila siku kwa koleo au mfuko na kutumbukizwa katika choo cha shimo, au kufukiwa mbali na kisima na bustani. Kisitumiwe kama mbolea ya mboga, kwa kuwa mayai ya minyoo hubaki hai udongoni. Anayezoa anawe mikono kwa sabuni, na kazi hiyo wasiachiwe watoto wadogo.

Usafi wa ua uende sambamba na dawa. Vilebu hupewa dawa ya minyoo kuanzia umri wa wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi wafikishe wiki 8, na baada ya hapo kila mwezi hadi miezi 6. Mbwa mkubwa anayeishi na watoto hufaa kupewa kila baada ya miezi 3. Aina ya dawa na kipimo hutegemea uzito wa mbwa, hivyo mfugaji amwone ofisa mifugo wa kata kabla ya kununua. Vilevile mbwa asilishwe mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji kutoka machinjioni, maana huko hutoka minyoo tegu ambao mayai yao humwambukiza binadamu mara yatokapo kwa mbwa, bila kusubiri siku hata moja.

Mbwa mkubwa, na mbwa aliyerudi nyuma

Mbwa mkubwa aliyezoea kuzurura hufundishika kwa hatua zile zile. Tofauti ni kwamba kibofu chake kina uwezo mkubwa zaidi lakini mazoea yake ni ya siku nyingi. Kwa wiki za mwanzo asiachwe huru nje ya ua. Aongozwe kwa kamba asubuhi, baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Kinyesi chake kidogo kikiwekwa konani siku ya kwanza, harufu itamweleza maana ya mahali hapo. Dume huinua mguu na kuacha mikojo midogo midogo ili kuweka alama ya mipaka yake. Kumhasi hupunguza tabia hiyo pamoja na uzururaji, na huduma hiyo hufanywa na daktari wa mifugo.

Ikiwa mbwa aliyekwisha kujua kona anaanza ghafla kuchafua nyumba, swali la kwanza lihusu afya yake kabla ya adabu yake. Kuhara, minyoo, maradhi ya kibofu na uzee huweza kuwa chanzo. Hapo ndipo ratiba inapoonyesha thamani nyingine. Mtu anayempeleka mbwa konani kila siku huona mapema damu kwenye kinyesi, minyoo, au kukosa choo kwa siku mbili. Kaya isiyomwangalia mbwa wake huja kugundua ugonjwa mbwa akiwa hawezi tena kusimama.

Kutoka konani hadi kituo cha chanjo

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu daima huua. Nchi nyingi zimekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwepo mtu anayekufa kwa kichaa kinachoenezwa na mbwa, na njia iliyothibitika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kampeni baada ya kampeni.

Chanjo inaweza kufika kijijini na bado isiwafikie mbwa, ikiwa hawashikiki. Kuna mbwa ambaye hajawahi kuvaa ukanda, hajawahi kuongozwa kwa kamba, na anayeujua mkono wa mtu kwa fimbo tu. Siku ya chanjo mbwa huyo hukimbilia porini mwenye nyumba anapomkaribia, ama hufikishwa kituoni akiwa amefungwa mdomo kwa kamba za katani, na kuhatarisha watoto waliopanga foleni. Mbwa aliyeongozwa konani mara kadhaa kila siku kwa miezi mitatu amekwisha kujifunza mambo yote ambayo mchanjaji anayahitaji: kuvaa ukanda, kufuata kamba, kusimama kwa utulivu na kumwamini anayemshika. Zaidi ya hayo, mbwa mwenye choo chake uani hana sababu ya kuvuka barabara kila asubuhi na kukutana na mbwa wasiojulikana.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Katika kampeni za pamoja, Shirika la Afya Duniani linashauri hata vilebu wadogo zaidi ya hapo wachanjwe. Kaya isimwache kilebu nyumbani kwa kudhani kwamba umri wake haujafika. Impeleke, na mtaalamu ataamua. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka nyingine muhimu za kaya.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe mafuta, pilipili wala majani ya aina yoyote. Majeruhi apelekwe siku hiyo hiyo katika kituo cha kutolea huduma za afya, hata kama jeraha ni dogo, na ofisa mifugo ajulishwe kuhusu mbwa huyo. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza, au anayeuma kila kinachosogea, asikaribiwe na mtu yeyote.

Maswali ya kujipima

Kaya inayofuga mbwa, au inayokusudia kufuga, ijadili maswali yafuatayo kabla ya kuanza mafunzo.

1. Kona ya haja ni ipi, na je, iko mbali na kisima, jiko na mahali watoto wanapochezea?
2. Nani anashika zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na neno litakalotumiwa na wote ni lipi?
3. Nani anazoa kinyesi kila siku, na kinatupwa wapi?
4. Mbwa alipewa lini dawa ya minyoo kwa mara ya mwisho?
5. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iko wapi, na chanjo inayofuata ni ya mwezi gani?

Ambaye hana jibu la swali la nne au la tano amwone ofisa mifugo wa kata yake wiki hii. Maswali matatu ya kwanza yanaweza kujibiwa jioni ya leo, kaya ikiwa imeketi pamoja uani.